Zaka Inayomtoa Mtu Kwenye Umaskini: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Misikiti na Vikundi vya Watoaji

Katika miji mingi ya pwani yetu, siku za Ijumaa na katika mwezi wa Ramadhani, watu hupita duka kwa duka na kila mwenye duka hutoa sarafu au noti ndogo aliyoiweka tayari mezani. Mtoaji huhesabu moyoni kwamba hiyo ni sehemu ya zaka yake, na mpokeaji hurudi nyumbani na fedha za unga na sukari ya siku hiyo. Wiki inayofuata wapitao ni walewale. Huenda zaka hiyo imesihi kifikihi, lakini hakuna nyumba iliyobadilika kwa sababu yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa kamati za misikiti, vikundi vya wafanyabiashara na koo zinazotaka kukusanya zaka zao mahali pamoja na kuzitoa kwa namna ambayo mpokeaji wa mwaka huu, kama ana nguvu za kufanya kazi, hatahitaji kupokea tena mwaka ujao.

Msingi wa yote haya unajulikana. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imewataja watu wa mafungu manane wanaostahiki zaka, na Mtume Muhammad (s.a.w.), alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwagiza awajulishe watu kwamba zaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Kwa kuwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, hukumu nyingi zilizomo humu zinafuata madhehebu hayo, na pale wanazuoni walipotofautiana katika jambo linalobadilisha hesabu au mgao, tofauti hiyo imetajwa. Kila kamati iwe na shehe wake wa kumrejea.

Kiasi gani kinamtosha mpokeaji

Kabla ya kufungua daftari au akaunti, kamati ikubaliane juu ya jambo moja linaloamua mengine yote, yaani kiasi anachopewa mpokeaji mmoja. Hapa ndipo nguvu ya zaka katika kupunguza umaskini inapopatikana au kupotea, na inasikitisha kwamba ndipo panapojadiliwa kwa uchache zaidi.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza msimamo wa wanazuoni wengi wa Kishafii kwamba fakiri na maskini hupewa cha kuwaondolea haja yao kwa kudumu. Mwenye ufundi hupewa thamani ya vifaa vya kazi yake, viwe vya bei ndogo au kubwa, ili pato lake limtoshe. Mwenye kujua biashara hupewa mtaji unaolingana na biashara yake. Muuza mboga hupewa kidogo, na muuza vito hupewa kingi, kwa sababu mtaji wa mmoja haufanani na wa mwingine. Asiyejua kazi wala biashara hupewa cha kumtosha kwa umri ambao watu wa kawaida huishi, kwa mfano kwa kununuliwa kitu chenye pato. Wako pia waliosema kwamba kiwango ni matumizi ya mwaka mmoja. Hata ukichukua kauli hiyo ya pili, ambayo ndiyo ya chini, bado uko mbali sana na noti ya shilingi elfu mbili inayotolewa mlangoni. Imepokewa pia kwamba Umar bin al-Khattab aliwaelekeza waliogawa zaka watoe cha kutajirisha wanapotoa.

Tuchukue mfano wa kamati iliyokusanya shilingi milioni 30 za Tanzania. Ikigawa elfu ishirini kwa kila mtu, itafikia watu 1,500, na watu hao watashukuru kwa siku tatu. Fedha hizohizo zinaweza kugawanywa hivi: nyumba nane zenye mtu mwenye ujuzi zipate wastani wa milioni moja na nusu kila moja kwa vifaa au mtaji, jumla milioni 12, watu watano waliozama katika madeni ya haki walipiwe jumla ya milioni 6, nyumba nane za wazee na wagonjwa wasioweza kazi zipate matumizi ya mwaka kwa shilingi laki moja kila mwezi, jumla milioni 9 na laki sita, na wanafunzi watatu wapewe laki nane kila mmoja, jumla milioni 2 na laki nne. Hizo ni nyumba 24 tu, lakini ni nyumba ambazo mwaka ukiisha unaweza kuulizia hali yao na kupata jibu lenye maana.

Lawama zitakuja. Watu waliozoea kupokea kidogo kila mwaka watauliza kwa nini majina yao hayamo, na baadhi ya watoaji watasikitika kuona safu ya wapokeaji ni fupi. Kamati itangaze mapema, msikitini na kwa viongozi wa mtaa, kwamba mgao hufuata orodha ya zamu kwa kuanzia na wenye haja kubwa zaidi, na kwamba sadaka ya kawaida itaendelea kuwafikia waliosubiri. Ikiwa hilo halikusemwa kabla, litasemwa baadaye kama utetezi, na utetezi hausikilizwi kama tangazo.

Hatua ya kwanza: kuunda kamati ambayo watu wataiamini

Watu watano hadi saba wanatosha: shehe mwenye kujua fikihi ya zaka, mtu mwenye ujuzi wa mahesabu, mfanyabiashara anayeheshimiwa sokoni, mtu anayezijua nyumba za mtaa kwa karibu, na wanawake wasiopungua wawili. Hili la wanawake lisichukuliwe kuwa la hiari. Mjane aliye katika eda, au mama ambaye mume amemtelekeza, hawezi kufungua moyo wake mbele ya wanaume watano waliokaa kwenye baraza lake, na habari za nyumba kama hiyo hupatikana kwa mwanamke mwenzake.

Akaunti ya zaka iwe peke yake, isichanganywe na fedha za umeme wa msikiti, za ujenzi wala za mihadhara, na iwe na watia saini watatu ambao wawili kati yao ni lazima kwa kila malipo. Namba ya kupokelea fedha kwa simu nayo isajiliwe kwa jina la taasisi. Ikiwa kwa jina la mtu, siku akifariki fedha za mafakiri huonekana kuwa mirathi yake, na familia yake huingizwa katika mgogoro isiouhitaji.

Kamati ijue pia nafasi yake kisheria. Watumishi wa zaka waliotajwa katika aya ni wale walioteuliwa na mtawala wa Kiislamu, na Mashafii hawaruhusu fungu lao lizidi moja ya nane. Kamati iliyoundwa na watu wa mtaa huwa ni wakili wa watoaji. Jambo hili lina matokeo mawili makubwa. La kwanza, gharama za nauli, karatasi na posho ni salama zaidi zikitolewa kwenye sadaka au mchango wa pembeni kuliko kukatwa kwenye zaka yenyewe. La pili, fedha zikiibwa au kupotea mikononi mwa wakili kabla hazijamfikia mstahiki, dhima ya mtoaji haijaondoka. Kwa hiyo fedha zisilale kwenye kabati la ofisi, wala mkusanyaji asizunguke nazo mfukoni siku mbili.

Uaminifu hauwezi kulazimishwa. Pakistan ilianza mwaka 1980 kukata zaka moja kwa moja kwenye akaunti za akiba mwanzoni mwa Ramadhani, na watu wengi wakazoea kutoa fedha zao benki siku chache kabla ya makato, ingawa huenda walikuwa wakizitoa zaka hizo wenyewe kwa mafakiri wanaowajua. Ikiwa dola yenye sheria na polisi ilikwepwa namna hiyo, kamati ya mtaa haina silaha nyingine isipokuwa stakabadhi kwa kila shilingi iliyopokewa na taarifa inayobandikwa ukutani.

Hatua ya pili: kuwasaidia watoaji kufanya hesabu

Wengi hawatoi zaka pungufu kwa sababu ya ubakhili, bali kwa sababu hawajawahi kukaa na mtu wa kuwafanyia hesabu. Kamati itenge jioni kadhaa katika mwezi wa Shaabani, wafanyabiashara waje na madaftari yao, na mambo haya yafuatwe kwa mpangilio.

Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, kwa fedha taslimu hupimwa kwa dinari 20 za dhahabu, takriban gramu 85, au dirhamu 200 za madini ya fedha, takriban gramu 595. Muulizeni sonara bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku ya hesabu na muizidishe kwa 85. Kwa bei za sasa nisabu ya madini ya fedha ni ndogo sana kuliko ya dhahabu, na ikitumika humwingiza katika wajibu mtu ambaye naye ana haja. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama hizi huegemea dhahabu, na wengine hushika madini ya fedha kwa sababu inawanufaisha mafakiri zaidi. Shehe wa kamati achague kimoja na kitumike kwa wote, mwaka hadi mwaka.

Mwenye duka ahesabu bidhaa zote zilizopo kwa bei ya soko ya siku hiyo, ambayo si lazima iwe bei aliyonunulia. Aongeze fedha zilizo dukani, benki na kwenye simu, pamoja na madeni anayotarajia kulipwa. Rafu, friji, pikipiki ya kusambazia mizigo na jengo lenyewe havimo, kwa kuwa havikununuliwa ili viuzwe. Kwa mfano, mwenye bidhaa za milioni 18, fedha benki na dukani milioni 4 na nusu, laki saba kwenye simu, na madeni mazuri ya milioni moja na laki nane, ana jumla ya milioni 25. Asilimia mbili na nusu ya hiyo ni shilingi 625,000. Deni analodaiwa yeye halipunguzi zaka katika kauli yenye nguvu kwa Mashafii, ilhali madhehebu mengine huruhusu kulitoa kwanza. Mwenye mkopo mkubwa wa mtaji asiamue peke yake, amwulize shehe.

Hesabu hufuata mwaka wa Hijria. Asiyeweza kuachana na mwaka wa kawaida kwa sababu ya vitabu vyake vya kodi atoe asilimia 2.577 badala ya 2.5, ili fidia ya zile siku kumi na moja ambazo mwaka wa kawaida huuzidi wa Hijria iwafikie wenye haki yao.

Yako mambo ambayo huulizwa kila mwaka. Kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni mali ya biashara na huhesabiwa kwa thamani yake ya sasa, lakini kiwanja cha kujenga makazi hakina zaka. Nyumba ya kupangisha haina zaka yenyewe. Kodi iliyobaki na kupitiwa na mwaka ndiyo yenye zaka. Hisa zako kwenye kikoba na michango ya upatu ambayo zamu yake haijakufikia ni mali yako iliyo kwa watu, na huingia katika hesabu. Mapambo ya dhahabu anayovaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida hayana zaka kwa Mashafii, ila yaliyowekwa kama akiba yana zaka.

Kwa wakulima, nisabu ni wasaki tano, karibu kilo 650 za nafaka iliyosafishwa. Mpunga uliohifadhiwa na makapi yake nisabu yake ni maradufu. Hutolewa asilimia 10 kwa shamba la mvua na asilimia 5 kwa shamba la kumwagilia kwa gharama, na hutolewa wakati wa mavuno bila kusubiri mwaka. Mashafii huwajibisha katika vyakula vikuu vinavyohifadhika kama mahindi, mtama, mpunga na kunde, pamoja na tende na zabibu. Kwa hiyo mkulima wa karafuu wa Pemba au wa korosho wa Mtwara, kwa madhehebu haya, hutazama fedha alizopata na kuzihifadhi, si gunia lililotoka shambani. Mahanafi wao huwajibisha katika mazao karibu yote. Mifugo ina zaka ikiwa inalishwa malishoni: mbuzi 40 hutolewa mbuzi mmoja, ng'ombe 30 hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Ng'ombe wachache wa maziwa wanaokatiwa majani bandani hawamo.

Hatua ya tatu: kuwatafuta wanaostahiki

Kamati inayosubiri maombi mezani itapata wenye sauti. Wenye haya, ambao Kurani imewasifu kwamba asiyewajua huwadhani matajiri kwa kujizuia kwao, hawatakuja. Lazima watafutwe.

Anzeni kwa kuugawa mtaa katika vipande ambavyo mjumbe mmoja anaweza kuvipita kwa miguu. Aulize kwa walimu wa madrasa ni watoto gani wanaoacha kuja, kwa wahudumu wa zahanati ni nani anayekatiza dawa, kwa wenye maduka ya mangi ni daftari la nani la mkopo limejaa. Kiongozi wa serikali ya mtaa, au sheha kwa upande wa Zanzibar, anazijua kaya zilizomo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kuwamo humo hakumwondolei mtu haki ya zaka, bali kunasaidia kujua pato lake.

Tofauti ya fakiri na maskini kwa Mashafii inaweza kutumika kama kipimo cha hesabu. Fakiri ni asiye na kitu, au ambaye alichonacho hakifiki nusu ya mahitaji yake. Maskini anacho kinachofika nusu au kuzidi lakini hakitoshi. Mjane mwenye watoto wanne ambaye mahitaji ya lazima ya nyumba yake ni shilingi laki tatu kwa mwezi, naye hupata laki moja kwa kuuza maandazi, ni fakiri. Akipata laki mbili, ni maskini. Wote wawili wanastahiki, lakini wa kwanza hutangulia. Ili kamati isikisie, iandike bei za mtaani za unga, mchele, mafuta ya kupikia, mkaa au gesi, maji, kodi ya chumba, madaftari na nauli, kisha ijumlishe kulingana na idadi ya watu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Bei zimepanda tangu wakati huo, kwa hiyo namba hiyo ichukuliwe kuwa sakafu, na kipimo halisi kiwe cha mtaa wenu.

Mtu hatoki katika ustahiki kwa sababu ana nyumba anayoishi, nguo za heshima au vyombo vya kazi yake. Nimesikia wanakamati wakimkataa mzee kwa sababu nyumba aliyorithi ni ya mawe na ina mlango wa nakshi. Mlango hauliwi, na sheria haimtaki auze mahali anapolala ndipo asaidiwe.

Kwa upande wa uthibitisho, hadithi ya Qabisa bin Mukhariq iliyomo katika Sahihi Muslim imetuachia utaratibu mzuri: anayedai kupatwa na ufukara ashuhudiwe na watu watatu wenye akili katika watu wake. Majirani watatu wasio ndugu zake wanatosha. Msimfanye mtu ajaze fomu ya kurasa kumi, wala msimpige picha akiwa amekaa sakafuni.

Wapo wasiopewa. Mtoaji hampi zaka mzazi, mwana wala mkewe kwa fungu la mafakiri na maskini, kwa sababu matumizi yao ni wajibu wake. Mke anaweza kumpa mumewe maskini, na ndugu, shangazi au mjomba wasiokuwa chini ya matumizi yako wanastahiki, tena kuna thawabu ya kuunga udugu. Masharifu, yaani watu wa ukoo wa Mtume, ambao ni wengi Lamu, Unguja na kwingineko pwani, hawapewi zaka kwa heshima ya nasaba yao. Kamati itenge fungu la hadiya au sadaka kwa ajili ya wahitaji wao, maana mara nyingi husahaulika kabisa. Na jirani asiye Mwislamu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, hapewi fungu la mafakiri katika zaka ya mali, lakini sadaka na wakfu viko wazi kwake, na haki ya ujirani haisubiri mafungu manane.

Hatua ya nne: kupanga mgao

Aya imetaja mafakiri, maskini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Asili ya madhehebu ya Shafii ni kugawa kwa mafungu yote yaliyopo, na kuto­ipeleka zaka nje ya mji ilipo mali. Hata hivyo Ibn Ujayl, faqihi mkubwa wa Yemen, alisema kwamba katika mambo matatu ya zaka fatwa hutolewa kinyume na madhehebu: kuihamisha, kuitoa kwa fungu moja, na kumpa mtu mmoja zaka ya mtu mmoja. Kauli hiyo inawafaa sana watu wetu walioko Muscat, Dubai au London wanaotaka zaka zao zifike Tanga au Lamu, na inaifaa kamati ndogo ambayo fedha zake haziwezi kuenea kwenye mafungu yote bila kuwa vumbi.

Wenye madeni wanastahili uangalifu wa pekee katika miaka hii. Katika mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine, wanawake wengi wamenaswa na mikopo ya haraka inayoitwa kausha damu, ambayo marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, na mtaji wote wa genge huishia kwa mkopeshaji. Kumpa mtu kama huyo mtaji mpya kabla ya kumfungua deni ni kumpelekea mkopeshaji zaka. Kaeni naye, orodhesheni anadaiwa na nani na kwa nini, hakikisheni deni lilikuwa la jambo la halali na kwamba hana cha kulipia, kisha, kwa idhini yake, mmlipe mdai moja kwa moja na mchukue hati ya kumaliza deni. Nyongeza ya riba ijadiliwe na mkopeshaji isamehewe. Mara nyingi hukubali akiona fedha taslimu mezani.

Kwa mwenye ufundi, msinunue kifaa kwa kudhani. Mshonaji ndiye ajuaye kama cherehani ya miguu inamtosha au anahitaji ya umeme. Mvuvi ndiye ajuaye ni nyavu za macho mangapi zinazofaa maji yake na kuruhusiwa na maofisa wa uvuvi. Zaka lazima iwe milki ya mpokeaji. Apewe fedha anunue mwenyewe akiwa na mjumbe, au aiwakilishe kamati kwa maandishi imnunulie, na kifaa kikabidhiwe kuwa chake bila masharti ya kukirudisha. Kwa sababu hiyohiyo ya milki, wanazuoni wengi hawaruhusu zaka ijenge msikiti, ichimbe kisima au igeuzwe kuwa mfuko wa mikopo inayozunguka.

Wazee na wagonjwa wa kudumu wana tatizo lao. Wakipewa matumizi ya mwaka kwa mkupuo, huweza kukopwa au kunyang'anywa na jamaa. Kamati ikizishika na kuwapa kila mwezi, inaichelewesha zaka iliyokwishawajibika. Njia njema ni hii: watoaji wenye nisabu waombwe kutanguliza zaka ya mwaka ujao kidogo kidogo kila mwezi, kwani kutanguliza zaka kabla mwaka haujatimia kunaruhusiwa kwa Mashafii kwa mwaka mmoja. Fedha huingia mwezi huu na kutoka mwezi huuhuu, na mzee hupata posho yake bila zaka kukaa benki. Mwisho wa mwaka mtoaji hulinganisha alichotanguliza na hesabu halisi, akaongeza kilichopungua.

Mwanafunzi wa elimu yenye manufaa, ya dini au ya dunia, ambaye kazi ingemkatiza masomo, hupewa pia. Fundi umeme, muuguzi au mwalimu mmoja aliyekamilisha mafunzo yake anaweza kuibeba familia nzima.

Hatua ya tano: kumfikishia mpokeaji haki yake

Mwezi wa Septemba 2008 huko Pasuruan, Indonesia, wanawake 21 walikufa kwa kukanyagana nje ya nyumba ya tajiri aliyekuwa akigawa zaka kwa mkono. Mwezi wa Aprili 2023, mjini Sanaa, Yemen, watu zaidi ya 70 walikufa kwa namna hiyohiyo katika mgao wa wafanyabiashara mwishoni mwa Ramadhani. Misafara ya watu mlangoni ni hatari kwa roho na ni aibu kwa utu wa mtu. Isifanyike hata kama mtoaji anapenda kuona.

Tumieni simu kwa fedha ndogo, benki kwa fedha kubwa, na ziara ya nyumbani kwa asiye na simu. Makato ya kutoa fedha yalipwe na kamati. Wajumbe wawili washuhudie, mpokeaji atie saini au dole gumba, na jina lake libaki kwenye daftari lenye kufuli. Taarifa ya wazi itaje idadi ya nyumba, mafungu na kiasi, bila jina hata moja. Mtoaji akiomba picha, aelezwe kwa upole kwamba hesabu zake zimekamilika na kwamba sura ya aliyepokea si sehemu ya stakabadhi.

Hatua ya sita: kufuatilia bila kusimanga

Baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na mwaka, mjumbe aliyeizoea nyumba hiyo apite. Maswali ni machache: biashara ingalipo, watoto wanaenda shule, wanakula mara ngapi, kuna deni jipya? Mtaji ukiwa umeliwa, tafuteni sababu kabla ya kulaumu. Mara nyingi ni ugonjwa au msiba uliouvamia, na wakati mwingine ni kwamba kamati yenyewe ilitoa mtaji usiofika. Muuza samaki aliyehitaji laki nne akapewa laki moja na nusu hakushindwa biashara. Alinyimwa kiasi cha kuianzisha. Mfundisheni mpokeaji kuandika mauzo kwenye daftari, mkutanisheni na mtu wa kazi hiyohiyo aliyefanikiwa, na bima ya afya ya familia yake ilipiwe kutoka kwenye sadaka, kwa sababu kitanda cha hospitali humaliza mitaji mingi kuliko uzembe.

Mkumbuke kwamba zaka ikishapokelewa ni mali yake. Kamati inashauri, haiamrishi.

Zakatul-fitri, sadaka na wakfu

Zakatul-fitri ina hesabu yake: pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha mji kwa kila mtu wa nyumba, na itolewe kabla ya swala ya Idi. Kazi yake ni kumtosheleza maskini siku hiyo, kwa hiyo hapa kuenea kwa watu wengi ndiko kunakofaa. Kwa Mashafii hutolewa chakula chenyewe. Kamati iagize mchele au unga mapema kwa bei ya jumla na kuupeleka nyumbani usiku wa kuamkia Idi.

Yale ambayo zaka haiwezi kuyabeba, kama vile visima, zahanati, mikopo isiyo na riba, gharama za ofisi na msaada kwa majirani wote, yapelekwe kwenye sadaka na wakfu. Nyumba moja ya wakfu iliyopangishwa vizuri inaweza kulipa kila mwaka nauli na karatasi za kamati nzima. Anayetaka kuiandikisha aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana akiwa Zanzibar, au kwa Makamishna wa Wakfu akiwa Kenya, akiwa na hati ya umiliki na mashahidi, na maandishi yataje waziwazi pato liende wapi, nani asimamie, na nani ashike nafasi yake akifariki.